Hesabu ya Mangamba

Dalali Chinjala anatangulia,
funguo zinamlia kiunoni kama mbuzi aliyevishwa kengele.
Elfu kumi ya kuonyeshwa tumeshampa,
hairudi, hata tukionyeshwa ukuta.

Akaanza na ukuta: Shangani.
Geti jeusi, vigae, maji ya bomba hayakatiki, anaapa.
Nikamuuliza, jirani ni nani?
Akautazama ule ukuta kama ndiyo kwanza anauona.
"Hapa, mama, kila mtu na lwake."
Laki mbili na nusu kwa mwezi.
Bei ilipanda na habari za gesi;
habari zikapoa, bei ikasahau kushuka.

Kisha Chikongola, chumba na sebule,
LUKU moja, wapangaji saba,
daftari la umeme linaning'inia kwa uzi mlangoni,
majina mawili yamekatwa kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.
Fakihi akakohoa
kile kikohozi chake cha kukataa.

Usiku tuko kwa dada yake, sebuleni, miezi mitano sasa,
Tabia katikati yetu, amelala kama njia panda.
Tunanong'ona gizani:
mshahara wa ghala la korosho, toa kodi,
toa unga, toa mkaa, toa maziwa ya mtoto,
toa…
"Usitoe tena," akasema. "Tumeshafika chini ya sifuri.
Tulale."

Mangamba tulikwenda kwa kukosa pa kwenda.
Nilikuwa nimenuna tangu kituoni.
Lami ilibaki nyuma, mchanga ukatuingia viatuni,
harufu ya maua ya mikorosho ikatufikia kabla ya nyumba.
Nyumba yenyewe: bati lina kutu upande wa kusi,
choo cha nje, maji ya kisima,
mlango wa jikoni haufungi mpaka uuinue kidogo,
kama mtoto aliyegoma kutembea.
Elfu arobaini.

Fakihi akatoa simu, akabonyeza.
Bodaboda kwenda na kurudi elfu mbili,
mara siku ishirini na sita.
"Hamsini na mbili elfu," akasema.
"Pikipiki inakula kuliko nyumba."
Kweli. Sikuwa na jibu.

Nikanyoosha mkono kumshika Tabia
nikashika hewa.

Sijui nilikimbiaje. Kanga ilibaki kwenye mchongoma.
Nikamkuta nyumba ya tatu,
amekaa juu ya kinu kilicholazwa
anamenya ming'oko pamoja na watoto wasiojua jina lake,
midomo myeupe, hana habari na mimi.
Na mwanamke mmoja, Bi Somoe, jina nilikuja kulijua baadaye,
anapepeta mtama,
hakuinua uso, hakuniuliza mimi nani.
"Chumvi imezidi kidogo," alisema. "Mpe maji.
Mtungi uko hapo ndani."

Hapo ndani. Kwake.
Kama vile nimekuwa nikiingia humo tangu tuko unyagoni.

Sisemi ni peponi.
Kabla jua halijazama watajua nimepika nini,
nani alibisha hodi, na kwa nini Fakihi kachelewa.
Msimu wa salfa vumbi la njano litalala
juu ya nepi nilizoanika.
Na ukikopa chumvi leo,
kesho utaombwa mtu wa kukesha na mgonjwa.
Najua. Nimezaliwa Nanyamba, sikuzaliwa jana.

Nilipotoka na kikombe, Fakihi alikuwa amechuchumaa,
simu ameiweka mfukoni,
anahesabu mchangani kwa kijiti.
"Ile baiskeli ya marehemu baba," alisema, bila kunitazama,
"inataka tairi mbili tu. Na mnyororo."
Akafikiri.
"Na breki."

Chinjala akaangalia saa.
"Kuna nyingine Naliendele, ina vigae. Twendeni?"

Tabia alikuwa ameshavua viatu.